TAMKO LA TAWI: BILI MOJA, SIKU MOJA, RISITI MOJA



Ujumbe huu ni mrefu. Usomeni mkiwa mmetulia, na tafadhali msiukate vipande mkasambaza nusu. Nusu ya kwanza peke yake inaweza kutugombanisha na Jiji, na nusu ya pili peke yake inaweza kutugombanisha na wafanyabiashara. Mabalozi wa mashina, wasomeeni wale wasio na simu janja.

*Msimamo wa Tawi ni huu:* mfanyabiashara mdogo wa Dodoma apewe bili moja kwa mwaka, akaguliwe siku anayoijua, na asifungiwe kibanda bila barua mkononi. Hatujasema asilipe. Atakayepita mtaani akisema Tawi limewaambia watu wagome kulipa, huyo anatunga.

Tunalitoa tamko Februari hii ya 2025 kwa sababu. Ifikapo Machi 31 mwenye biashara anatakiwa awe ameshafanyiwa makadirio ya mwaka na kulipa awamu ya kwanza, kwa hiyo wiki hizi foleni zinaanza kurefuka. Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi, inayoongozwa na Balozi Ombeni Sefue na kuzinduliwa Oktoba 2024, iko kazini, na tawi lenye la kusema liseme sasa. Halafu Oktoba tunakwenda kuomba kura. Wapo ndani ya Chama wanaodhani mama lishe anapiga kura kwa kutazama rangi ya bendera. Anapiga kura akikumbuka nani alimmwagia sufuria la maharage.

*Bahasha za risiti*

Mwezi uliopita tuliwaomba wanachama wenye biashara ndogo walete ofisini kila karatasi waliyolipia mwaka 2024. Zamani wangekuja na mifuko ya rambo, lakini tangu rambo zipigwe marufuku 2019 walikuja na bahasha, makopo ya maziwa, na mmoja na kibegi cha shule cha mtoto. Tulizimwaga mezani tukazipanga kama zinavyopangwa vocha: tarehe, ofisi, sababu ya malipo, kiasi.

Tulitegemea kiasi ndicho kitatushtua. Kilichotushtua ni safu ya ofisi. Mwenye genge la mboga na mizani moja ana karatasi za ofisi tano. Mwenye mgahawa wa meza nne ana zaidi ya hizo. Hebu tuzitaje kwa majina, maana hakuna siri: TIN na makadirio ni TRA. Jina la biashara ni BRELA. Leseni ya biashara ni Jiji, kwa mfumo wa TAUSI. Mizani ni Wakala wa Vipimo. Ukaguzi wa moto ni Zimamoto. Usafi na upimaji wa afya za wahudumu ni bwana afya. Chakula cha kufungasha ni TBS. Ukiweka redio ya kuburudisha wateja, kuna hakimiliki. Kisha ada ya taka, ushuru wa meza kama uko sokoni, na ushuru wa huduma unaokokotolewa juu ya mauzo, uwe umepata faida au hukupata.

Si kila mmoja anadaiwa zote. Lakini hakuna hata mmoja kati ya waliokuja ambaye aliweza kututajia zote anazodaiwa, hakuna aliyejua tarehe zake zote, na hakuna aliyewahi kuona orodha yake imebandikwa mahali. Mtu anajua anadaiwa siku gari linaposimama mbele ya kibanda.

Kwenye karatasi zote hizo, anaulizwa mambo yaleyale. Jina, namba ya NIDA, mtaa, aina ya biashara, simu. Ofisi zote hizi ni za Serikali moja, lakini kila moja inamwandikisha upya kana kwamba ameingia nchini jana. Tunaambiwa sasa ni mtandaoni, hakuna usumbufu. Ndugu zetu, mwenye genge haombi leseni mtandaoni. Anakwenda kwenye steshenari, kijana wa steshenari anaomba kwa niaba yake, anamtoza, na nywila inabaki kwa kijana. Mwaka unaofuata kijana kahama, nywila imepotea, na mama anaanza upya. Mtandao ukisumbua anaambiwa arudi kesho. Tumehamisha foleni kutoka korido ya ofisi kwenda benchi la steshenari, na benchi la steshenari lina bei.

Hapa ndipo penye gharama kubwa ambayo haina risiti. Tuseme mwenye mgahawa anabaki na 8,000 kwa siku baada ya kulipa unga, mkaa, mafuta, kodi ya pango na msichana wa kumsaidia. Akizunguka ofisini siku 12 katika mwaka amepoteza 96,000, na bado msichana anadai posho, na bado nyanya zimeoza. Fundi aliyekuta mlango umefungwa siku mbili mfululizo ameshahamia kwa jirani. Hiyo hamtaikuta kwenye hotuba yoyote ya bajeti.

*Hesabu ya sahani saba*

Tuingie kwenye kodi yenyewe, maana hapa watu wengi wanaogopa namba na wanakubali kuambiwa chochote.

Kwa jedwali la kodi ya makadirio lililopo, ambalo Sheria ya Fedha ya 2022 ililirekebisha, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi ya mapato. Wengi wanaisifia hiyo milioni 4. Tuigawe kwa siku 300 za kazi. Inatoka 13,333 kwa siku. Ukiuza sahani ya ugali na mlenda kwa 2,000, hizo ni sahani chini ya saba. Mtu anayeuza sahani saba kwa siku hajafungua biashara, anapikia familia na majirani. Ndiyo kusema kila mama lishe aliye hai kibiashara hapa Majengo, Sabasaba au pale stendi Nzuguni ameshavuka mstari wa msamaha, ajue asijue.

Sasa angalieni ngazi zinavyopanda. Mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 asiye na kumbukumbu analipa 100,000 bapa. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kwa hiyo wawili wameuza sawasawa, 4,100,000 kila mmoja. Asiye na daftari analipa 100,000. Mwenye daftari analipa 3,000. Someni tena. Tofauti ni 97,000, na kinachowatenganisha ni kauntabuku na kalamu.

Kati ya milioni 7 na milioni 11, asiye na kumbukumbu 250,000. Mwenye kumbukumbu 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Mwenye mauzo ya 10,500,000 na daftari analipa 195,000.

Kisha ukivuka milioni 11 hadi milioni 100, ni asilimia 3.5 ya mauzo yote. Mauzo yote, si yaliyozidi. Aliyefunga mwaka na 11,000,000 kamili akiwa na daftari analipa 210,000. Aliyeuza 11,100,000 analipa 388,500. Ameuza laki moja zaidi, na kodi yake imepanda kwa 178,500. Hata kama laki hiyo yote ingekuwa faida tupu, amepata hasara kwa kuuza. Sheria ya namna hii inamfundisha mtu mmoja kati ya mambo mawili: afunge Desemba, au adanganye. Halafu tunamwita mdanganyifu.

Na yule mama wa sahani 20 kwa siku? Mauzo 40,000 kwa siku, siku 300, ni milioni 12. Asilimia 3.5 ni 420,000. Faida yake, kwa ile 8,000 tuliyosema, ni milioni 2.4. Amefanya kazi zaidi ya siku 52 kwa ajili ya kodi hiyo moja, kabla ya taka, kabla ya leseni, kabla ya moto. Kodi inayotazama mauzo inamwumiza mwenye faida ndogo kuliko mwenye faida kubwa, kwa sababu muuza simu na muuza chapati wanapimwa kwa kijiko kimoja.

Kwa Tume ya Balozi Sefue ombi la Tawi kwenye kipengele hiki ni jepesi kueleza: ngazi zitoze kile kilichozidi, zisirudi nyuma kutoza mauzo yote, na mstari wa msamaha upandishwe ulingane na sahani anazouza binadamu.

*Wanaotupinga*

Ndani ya kikao chetu wenyewe hatukukubaliana mara moja, na ni vizuri mjue.

Mwanachama mmoja ambaye kazi yake ni afya alituuliza bila kupindisha: mnataka watu wale uchafu? Akatukumbusha kipindupindu cha 2015. Akatukumbusha 2016, sumukuvu ilipoua watu hapa hapa mkoani kwetu na kwa jirani zetu Manyara, kwa mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Tunamheshimu, na hoja yake ni nzito. Ukaguzi ni uhai. Ndiyo maana tunakasirika zaidi, kwa sababu kinachofanyika mara nyingi si ukaguzi. Mkaguzi akifika anauliza karatasi. Hafungui gunia, hanusi unga, haangalii maji yanatoka wapi wala sahani zinaoshewa kwenye nini. Akionyeshwa risiti ya mwaka anaondoka, na asipoonyeshwa anafunga. Sumukuvu haisomi risiti. Tunataka mkaguzi aje, aangalie sufuria, na akikuta uchafu aseme ni uchafu gani na urekebishwe lini.

Mwingine alisema Jiji litakosa mapato. Hapa tunauliza swali la kihasibu ambalo hatujajibiwa: kukusanya kunagharimu kiasi gani? Gari, mafuta, dereva, afisa, mgambo wawili, posho ya mchana, wanakuja kudai 20,000 kwenye kibanda. Kesho inakuja idara nyingine na gari lake kudai 30,000 kwenye kibanda hichohicho. Duka lolote linaloendeshwa hivyo lingefilisika kabla ya Sabasaba. Anayetetea utaratibu huu kwa jina la mapato atuletee na upande wa matumizi.

Wa tatu alisema wadogo wanawaficha wakubwa: wapo wenye maduka wanaowagawia vijana bidhaa wakauze barabarani ili mashine ya EFD isilie. Ni kweli. Tunawajua, na wengine wanakaa viti vya mbele kwenye shughuli zetu. Hao hatuwatetei na wala tamko hili lisitumike kuwaficha. Lakini kumfuata mwenye ghala kunataka kusoma hesabu zake, na kumpora kijana meza kunataka nguvu tu. Tumekuwa tukichagua kazi nyepesi.

*Imewahi kufanyika*

Tusiambiwe kwamba haiwezekani. Sisi wa Dodoma ndio tunaojua vizuri kuliko mkoa wowote maana ya mamlaka mbili juu ya kichwa kimoja. Tangu 1973 tulikuwa na CDA, na pembeni yake Manispaa. Kiwanja kimoja, milango miwili. Unajenga kwa kibali cha huku, unabomolewa na wa kule. Mei 2017 Rais Magufuli akaivunja CDA, kazi zake zikahamia Manispaa, na hati za miaka 33 zikafunguliwa njia ya kuwa za miaka 99. Walikuwepo waliosema mji utaparaganyika. Kabla mwaka haujaisha, Aprili 2018, Dodoma ikawa Jiji.

Mifano mingine ni mingi, tutaipitia haraka. Kodi ya maendeleo, ile wazee wetu waliyoikimbia porini mgambo wakiwafuata, ilifutwa 2003 na nchi haikuanguka. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa chakula, na mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaachiwa. Julai 2019 usimamizi wa chakula na vipodozi ukatolewa TFDA ukapelekwa TBS, ili mtengenezaji mmoja asikaguliwe na wawili kwa jambo lilelile. Bajeti ya mwaka huohuo iligusa tozo na ada 54. Hayo ya 2019 yalikuwa utekelezaji wa MKUMBI, mpango wa kuboresha mazingira ya biashara ambao Serikali yetu wenyewe iliupitisha 2018. Kwa maneno mengine, hatuombi sera mpya. Sera ipo, imeandikwa vizuri, na kwenye kurasa zake inakiri kwamba mamlaka nyingi zinamkagua mtu mmoja kwa jambo moja na kila moja inamtoza.

Shida ni kwamba mpango ulishuka kutoka wizarani ukafika mahali ukachoka. Mwanachama wetu alikuja mjini msimu uliopita na magunia matatu ya alizeti kutoka shambani kwao. Magunia matatu hata hayakaribii tani. Alisimamishwa kwenye geti moja la ushuru, akaambiwa alipe, na alipotaja tani moja akaulizwa kama yeye ni mwanasheria. Alilipa. Geti hatulitaji, na kijana aliyekuwa zamu hatumtaji. Tunachosema ni kwamba sheria imetolewa Dodoma mjini, Bungeni, na ilishindwa kusafiri kilometa chache.

Hata vile vitambulisho vya machinga vya Desemba 2018, vya shilingi 20,000, ndani yake mlikuwa na wazo ambalo hatutaki lizikwe: lipa mara moja, uache kusumbuliwa. Udhaifu wake ulikuwa mstari uleule wa milioni 4. Aliyevuka kidogo alirudi kwenye msururu mzima. Baadaye, kuanzia 2021, vijana wakaondolewa barabarani mijini, na hapa kwetu Jiji likawajengea Soko la Wazi la Machinga kule Barabara ya Bahi. Tunalipongeza Jiji kwa jengo, paa ni zuri. Lakini jengo si mfumo. Kijana aliyehamishwa kutoka One Way na kupewa kizimba alikuta madai yake yamemfuata, na wateja wake hawakumfuata wote.

Wenzetu wa Nairobi wameanza kutoa kibali kimoja kinachobeba leseni ya biashara, moto, afya na tangazo la mlangoni kwa pamoja. Tuwatazame kwa makini pia, maana kuunganisha bila kupunguza ni kufunga mizigo mitano kwa kamba moja kisha kumwambia mbebaji sasa una mzigo mmoja. Na wale wasomi wetu waliomshangilia Hernando de Soto alipohusishwa na MKURABITA miaka ya 2000, wakumbuke alichofanya kwao Peru: aliwatuma vijana wasajili karakana ndogo ya kushona nguo kwa kufuata kila utaratibu, ikawachukua siku 289. Mtu akiona hivyo halaumu wanaokaa nje ya mfumo. Anahesabu milango.

*Tunachopeleka Kata*

Kikao cha Kata kinakuja, na wajumbe wetu wamepewa maelekezo. Kwanza, ofisi ya kila mtaa ibandike ukutani orodha ya ada zote kwa kila aina ya biashara, kwa Kiswahili, na kiasi chake. Hili halihitaji Bunge wala Tume, linahitaji karatasi na gundi, na ndiyo maana tunalipima kama kipimo cha nia. Wenyeviti wa mitaa waliochaguliwa Novemba wanaweza kulifanya kabla ya mwezi kuisha. Asiyelifanya tutamwuliza sababu hadharani.

La pili, Jiji lipange wakaguzi waje pamoja, siku iliyotangazwa mtaa kwa mtaa, gari moja. Bwana afya, Zimamoto, Vipimo, leseni. Waondoke na karatasi moja yenye yaliyokutwa na muda wa kurekebisha. Kufuli liwe la mwisho, na litanguliwe na barua yenye jina la aliyeisaini. Kwenye hatari ya kweli, kama gesi inavuja au kuna ugonjwa wa mlipuko, wafunge papo hapo na sisi tutawaunga mkono.

Ada zote za Jiji kwa kibanda kimoja zije kwenye namba moja ya malipo, zilipwe kwa awamu nne kama kodi ya TRA inavyolipwa. Mwenye genge hana laki mbili za mkupuo mmoja, ana elfu moja moja za kila siku. Hili diwani analiweza kulibeba hadi Baraza la Madiwani. Tumemwomba alibebe, na tutawapa majibu yake hapa hapa kwenye kundi, yakiwa ya ndiyo au ya hapana.

Kuna na letu la ndani, na wengine halitawafurahisha. Wapo watu wanaopita sokoni na vitabu vya michango kwa jina la Chama: mwenge, sherehe, ziara, ujenzi wa ofisi. Kuanzia leo, katika eneo la Tawi hili, hakuna kitabu cha mchango kitakachopita kwenye meza ya biashara saa za biashara. Mwanachama anachangia kikaoni, kwa hiari, kwa stakabadhi yenye mhuri. Atakayeombwa mchango gengeni kwa jina letu amwombe huyo mtu kitambulisho, kisha atupigie. Hatuwezi kusimama mbele ya Jiji kuhesabu mikono inayoingia mfukoni mwa mama lishe huku mmoja wa mikono hiyo ukiwa umevaa kofia ya Chama.

*Kabla ya Machi 31*

Wakati tunasubiri wakubwa, kuna linalowezekana wiki hii. Kila mwanachama mwenye biashara anunue kauntabuku. Piga mistari mitatu: tarehe, mauzo ya siku, manunuzi ya siku. Andika kila jioni kabla ya kula, hata kama umeuza 6,000. Risiti za manunuzi zibane nyuma ya ukurasa kwa pini. Usiandike namba za kupendeza, andika za kweli. Daftari linaloonyesha siku mbaya linaaminika kuliko lenye siku nzuri tupu. Mmeona lile pengo la 3,000 na 100,000, na bado linasimama hata wakubwa wasipobadilisha kitu.

Wasindikaji wa mafuta ya alizeti, mvinyo na unga lishe, kuna jambo wengi hamlijui: mjasiriamali mdogo mwenye barua ya SIDO anapata alama ya ubora ya TBS bila kulipia kwa miaka mitatu ya mwanzo. Atakayewadai pesa kwa "kuwasaidia kuipata" anawauzia kitu cha bure.

Jumapili Machi 9, saa 8 mchana, ofisi ya Tawi itakuwa wazi kwa ajili ya hesabu tu. Hakutakuwa na hotuba. Leta daftari, leta risiti za 2024, leta karatasi ya makadirio ya mwaka jana kama unayo. Tutakaa na mmoja mmoja, tutapiga hesabu ya mwaka na kuandika maelezo ya kwenda nayo kwenye makadirio. Tutawahi kumaliza ili waliofunga wawahi futari. Wanachama waliosoma uhasibu na biashara, vijana wa vyuo hasa, njooni na kikokotoo na kalamu mbili. Wasio wanachama wasifukuzwe mlangoni, na asiulizwe mtu kadi.

Mwenye risiti mbili za mwaka mmoja kwa jambo moja azitenganishe kwenye bahasha yake. Hizo tunazihitaji halisi, tutazitoa nakala na kumrudishia mwenyewe palepale.

_Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Siasa ya Tawi, Dodoma, Februari 2025._